Namba ya siri si idhini

Wapo wastaafu wanaowakabidhi wajukuu kadi ya benki na namba ya siri wakawachukulie pensheni. Tunawaelewa: magoti yanauma na foleni ni ndefu. Lakini fedha zikipungua, benki itajibu kwamba namba iliyotumika ni sahihi, na mzee atakosa pa kushika.

Njia halali ipo: hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili na kupelekwa tawini, ikitaja mjukuu anaruhusiwa nini na hadi lini. Mwenye akaunti anaweza kuifuta. Naye akifariki, hati imekufa. Hata fedha za mazishi (hapa ndipo ndugu hugombana) zilizomo katika akaunti kwa kawaida humsubiri msimamizi wa mirathi anayetambuliwa na mahakama.

Mabenki yaache kuwazungusha wazee wanaoiulizia hati hiyo.