Altaneta niliyoiuza skrepa ilikuwa nzima
Pikapu yangu ni ya dizeli, ya 1994. Betri ilikuwa haichaji, nami nikanunua betri mbili na altaneta moja kabla sijaazima mita ya fundi redio jirani. Injini ikinguruma, mita ilisoma volti 14.3 kwenye nguzo ya altaneta, ila kwenye betri 12.4 tu! Umeme ulipotelea njiani: kichwa cha waya mnene unaotoka altaneta kwenda betri kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Nikakikata, nikafunga kipya, betri ikapanda hadi 14.1. Altaneta ya zamani nilishaiuza skrepa, wallahi inaniuma. Na wale mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikiwaka, eti wanapima chaji, wakatalieni. Diodi za altaneta huweza kuungua papo hapo.