Sharafu ya Mahali ni Aliyepo

Masheikh waliotusomesha chuoni walikuwa na msemo wa Kiarabu usemao kwamba sharafu ya mahali ni aliyepo mahali hapo. Jumba la fahari lisilo na watu wa maana ni mawe na saruji tu. Na ukumbi mnyonge ukiingiwa na mtu wa maana, huandikwa katika taarikhi.

Ushahidi wa maneno hayo uko Lewiston, mji wa viwanda katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Mji wenyewe si mkubwa. Watu wake hawafiki 40,000. Humo mna ukumbi wa michezo na nyimbo uitwao Colisée. Ulijengwa na parokia ya Kikatoliki na kufunguliwa mwaka 1958, baada ya ule wa kwanza kuungua moto, ili vijana wapate pa kuchezea mpira wa magongo juu ya barafu. Wenye parokia hiyo walikuwa Wakanada wa lugha ya Kifaransa, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo. Nao hawakupokewa kwa ubani. Miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan liliwaandama jimboni humo kwa sababu ya dini yao na lugha yao.

Sasa tumtazame Muhammad Ali. Februari 1964 alimpiga Sonny Liston mjini Miami Beach akatwaa ubingwa wa dunia, kisha akatangaza Uislamu wake na kuliacha jina la Cassius Clay. Magazeti mengi ya kwao yalikataa kumwita kwa jina alilolichagua. Pambano la marudio lilipangwa Boston. Likaakhirishwa kwa kuwa Ali alipasuliwa ngiri, na siku zilipokaribia tena, wakuu wa huko wakaleta pingamizi juu ya waandalizi wake. Malcolm X alikuwa ameuawa Februari 1965, na uvumi wa kulipiza kisasi ulikuwa umetanda. Miji haikuwa na hamu ya mgeni huyo. Lewiston ikasema: karibu.

Usiku wa tarehe 25 Mei 1965, polisi wakiwapekua watu mlangoni, waliingia watazamaji 2,434 tu. Liston alianguka katika raundi ya kwanza. Wengi hawakuliona konde lililomwangusha, wakapiga kelele kuwa wamechezewa shere, na ubishi huo haujesha hadi leo. Lakini picha ya Ali akiwa amemsimamia Liston, mkono umekunjwa kifuani na kinywa wazi, imezunguka dunia nzima. Ilipigwa katika ukumbi ule wa watoto wa parokia.

Kisa hakikukomea hapo. Kuanzia 2001 Waislamu wa Kisomali walihamia Lewiston kwa mamia, kisha kwa maelfu. Wengi walikuwa wamepitia kambi za Dadaab na Kakuma, katika ardhi yetu hii ya Kenya. Miongoni mwao wamo Wabantu wa Kisomali, ambao baadhi yao bado wasema Kizigua, kwa kuwa wazee wao walitekwa na kuuzwa kutoka Afrika Mashariki. Oktoba 2002 meya wa mji aliwaandikia wazee wa Kisomali barua akiwataka wawazuie wenzao wasije. Januari 2003 wabaguzi wakafika kufanya mkutano wa chuki. Wakajitokeza watu wachache. Siku hiyo hiyo watu wapata 4,000 walikusanyika upande wa pili wa mji kuwatetea wageni wao. Na mwaka 2015 shule ya sekondari ya Lewiston ilichukua kombe la soka la jimbo kwa mara ya kwanza, na wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi hao.

Tunayasimulia haya kwa sababu nasi twahusika. Miaka ya 1990 Mombasa ilikuwa na kambi za wakimbizi wa Kisomali, Utange ikiwa mojawapo, kisha zikafungwa na watu wake wakatawanywa. Walikuwa Waislamu wenzetu, twasali nao safu moja. Je, sokoni tuliwaitaje? Nyumba tuliwakodisha kwa bei gani? Ni wangapi kati yetu waliosimama kusema neno walipoondoshwa? Kila mtu na ajijibu mwenyewe.

Waliotukanwa miaka ya 1920 ndio ambao watoto wao walijenga ukumbi, na katika ukumbi huo akapata nafasi mtu aliyekataliwa kwingine. Mgeni wa jana ndiye mwenyeji wa leo, na mwenyeji akisahau alivyokuja, huwa mkali kuliko aliyemkuta. Pwani hii yetu imejengwa na wageni, wimbi baada ya wimbi. Twajisifu kwa majumba ya kale na milango ya nakshi. Sharafu yake tutaijua kwa namna tunavyomfungulia anayebisha hodi.