Injini imebadilishwa, gari linamisi: kagua haya kabla ya kumpakia mtoto

Kwa familia nyingi zenye gari la zamani, injini ikichoka, uamuzi wa haraka ni kununua nyingine ya mtumba kutoka Japani. Mara nyingi hutoka nafuu kuliko kuifungua ile ya zamani na kuifufua, na fundi akiwa mzoefu, gari hurudi barabarani ndani ya siku chache.

Shida huanza baada ya hapo. Stata inazunguka lakini gari haliwaki. Au linawaka asubuhi, likishapata moto linakataa. Au linawaka na kumisi, linanuka petroli, linakata moto barabarani. Fundi anasema, "Litazoea." Kesho yake mzazi anawapakia watoto kutoka Ngamiani kwenda shule.

Gari haliwezi kuzoea. Na likiendeshwa likiwa hivyo, tatizo la gereji linageuka kuwa la afya ya waliomo ndani.

Kwa nini hutokea

Mara nyingi injini yenyewe ni nzima. Kinachosumbua ni waya na vifaa vinavyoiamuru iwake.

Chukua mfano wa Corolla ya zamani yenye injini ya 5A. Hiyo inatumia distributa kugawa umeme kwenye plagi nne. Akiwekewa 1NZ, ile ya IST, mambo ni tofauti: haina distributa, kila plagi ina koili yake, na inahitaji kontroli boksi yake pamoja na waya zake. Fundi akiunga waya za zamani na mpya kwa kubahatisha, gari litawaka kwa kubahatisha.

Tanga kuna jambo jingine: hewa ya chumvi na unyevu wa bahari. Maungio ya waya yaliyofungwa kwa tepu tu huota kutu ya kijani, na masika yakiingia gari huanza kusumbua tena.

Ukaguzi kwa mpangilio

Mzazi si lazima awe fundi, lakini anaweza kuuliza maswali haya kwa utaratibu, kabla hajaambiwa anunue kifaa kingine.

Kwanza, betri na ethi. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 injini ikiwaka. Waya wa ethi kati ya injini na bodi husahaulika sana wakati wa kubadilisha injini. Ukikosekana, au ukifungwa juu ya rangi na kutu, stata huzunguka kwa uchovu na cheche huwa hafifu.

Pili, cheche, au "moto" kama mafundi wanavyoita. Je, plagi zote nne zinatoa? Zote zikikosa, tatizo liko kwenye umeme unaoingia, sensa ya mzunguko wa injini au kontroli boksi. Ikikosa moja, ni plagi, koili au waya wake.

Tatu, mpangilio na taimingi. Injini hizi za Toyota huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Waya mbili zikibadilishana nafasi, gari humisi na hata kulipua kwenye eksozi. Distributa nayo ikizungushwa kidogo tu, cheche huwahi au huchelewa.

Nne, ufunguo. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana kontroli boksi inayotambua ufunguo wake tu. Ikihamishwa bila ufunguo huo, stata itazunguka siku nzima na gari lisiwake.

Cheche zikiwa nzuri kote na gari bado haliwaki, ndipo ukaguliwe upande wa mafuta. Hapo kuna hatari ya peke yake: petroli ya kujaribia huwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, asitapishwe, kwa sababu petroli inaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ili daktari ajue alichokunywa.

Moshi unavyomfikia mtoto

Plagi isipochoma vizuri, petroli mbichi huingia kwenye eksozi. Inaunguza masega, kama bado yapo, na moshi unaotoka huwa mchafu zaidi. Ndani ya moshi wa gari lolote la petroli kuna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Harufu ya petroli utaisikia, hii hutaisikia. Inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua.

Injini ikibadilishwa, njia mbili za moshi huo kuingia ndani hufunguka kirahisi: gasketi ya eksozi isiyokaa sawa, na tundu la waya kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi lililoachwa bila mpira wake. Vioo vikifungwa kwa ajili ya mvua, waliomo ndani wanauvuta. Watoto huathirika mapema kwa sababu wanapumua haraka kuliko watu wazima. Mama mjamzito naye yuko hatarini, pamoja na mtoto aliye tumboni.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na usingizi usio wa kawaida. Wazazi wengi husema mtoto "hajazoea gari" au ana malaria. Angalia mambo mawili: je, wameumwa zaidi ya mmoja kwa pamoja? Je, wanapata nafuu wakishuka? Ikiwa ndiyo, lishuku gari.

La kufanya

Zima injini, watoe wote kwenye hewa safi. Aliyezidiwa, anayesinzia au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali, kama ya rufaa ya mkoa pale Bombo, na daktari aambiwe wazi kwamba alikuwa ndani ya gari lenye moshi. Tiba yake ni oksijeni, na daktari asipoambiwa anaweza kuanza na kipimo cha malaria.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho, gari liwashwe likiwa baridi, liwashwe tena likiwa la moto, kisha liendeshwe likiwa na watu wazima tu, vioo vikiwa wazi. Aoneshe waya wa ethi, tundu lililozibwa na maungio ya eksozi yasiyovuja. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, na usimwache mtoto amelala ndani ya gari linalounguruma.

Gari likiendelea kumisi, nauli ya bajaji kwa wiki moja ni nafuu kuliko kumsafirisha mtoto ndani ya moshi.