Mwandika programu asiyelala ni hasara kwa mwajiri

KUNA dhana imejengeka katika ofisi zetu kwamba mwandika programu mzuri wa kompyuta ni yule anayekesha. Bosi akipita saa 3:00 usiku na kumkuta bado yuko kwenye mashine, kesho yake humsifu mbele ya wenzake. Mimi nilisifiwa hivyo kwa miaka kadhaa, na leo nataka kueleza sifa hizo ziliwagharimu nini wakulima.

Tulipewa kazi na chama kimoja cha ushirika Kanda ya Ziwa. Walitaka programu ya kupokea uzito wa pamba kutoka kwenye mizani, kukokotoa malipo ya kila mkulima na kukata deni la pembejeo. Msimu wa ununuzi haumsubiri mtu. Ukifunguliwa tu, mizigo inaanza kuingia ghalani. Sisi tulikuwa wawili na tulikuwa nyuma ya ratiba. Kwa wiki tatu nilifanya kazi saa 15 hadi 16 kwa siku, nikila chipsi mayai hapo hapo mezani.

Wiki ya pili ya ununuzi, yapata saa 8:00 usiku, niliandika amri ya kusahihisha deni la mkulima mmoja. Nikasahau kuweka namba yake ya uanachama. Kompyuta haiulizi, ilibadili madeni ya wanachama wote. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya siku tatu nyuma, kwani kila usiku nilijiambia nitaiweka kesho. Mhasibu na makarani walikaa siku nne wakirudia stakabadhi za karatasi moja moja, huku wakulima waliofuata fedha zao wakirudishwa nyumbani. Mama mmoja wa makamo aliniuliza kwa upole kabisa: “Mwanangu, hiyo mashine yako inajua kwamba mtoto wangu anadaiwa ada?” Sikuwa na jibu.

Kuandika programu si kama kufyatua matofali, kwamba ukiongeza saa mbili utapata matofali zaidi. Kazi kubwa iko kichwani, ya kukumbuka mambo mengi yanayotegemeana kwa wakati mmoja. Kichwa kilichochoka huanza kuyaangusha moja moja, na mwenyewe hana habari.

Kuongeza watu dakika za mwisho nako hakusaidii. Fred Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa programu katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wapya hufundishwa na nani, kama si wale wale walioelemewa?

Afya nayo ina bei yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya wanaofanya saa 35 hadi 40. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Mimi nilikuwa nikizimaliza saa hizo siku ya tatu.

Najua mwajiri atauliza: kama hakeshi, atajifunza lini mambo mapya? Swali ni la haki, kwa sababu ufundi huu huchakaa haraka. Aliyetegemea Flash peke yake aliishuhudia ikifikia mwisho Desemba 2020. Lakini anayekesha ndiye hasa asiyejifunza. Akifika nyumbani hana nguvu hata ya kufungua kitabu. Trekta hupelekwa sevisi ndani ya saa za kazi, si dereva akiwa likizo. Nashauri nusu siku kila wiki itengwe kwa kujifunza, na ihesabiwe kuwa kazi. Zana za akili bandia zinazoandika programu, ambazo zimeenea tangu mwaka 2022, hazijaondoa hitaji hilo, maana lazima awepo mtu mwenye akili timamu wa kukagua zilichoandika.

Siku hizi mkataba wangu unasema hakuna kugusa hesabu za malipo baada ya saa 11:00 jioni, na muda ninaoomba ni mrefu kuliko zamani. Wateja wawili walinikimbia kwa sababu hiyo. Yule mhasibu wa ushirika alisaini, ila alidai kiongezwe kifungu kimoja: kila Jumamosi nakala ya akiba ifunguliwe mbele ya macho yake, aone mwenyewe majina ya wanachama yako pale.