Mtoto anajituma uwanjani lakini hafungi: mzazi ufanyeje?

Mama mmoja wa Nakuru ameniandikia kuhusu bintiye wa miaka 15 anayecheza mpira wa magongo katika shule ya upili. Msichana huyu ni mshambulizi. Hufika mazoezini kabla ya wenzake, hukimbia mechi nzima, na kila timu inaposhambuliwa hurudi nyuma kuwasaidia mabeki. Hata hivyo, msimu mzima amefunga bao moja tu. Wenzake wameanza kumwita "Mbio za Bure". Siku hizi anaamka alfajiri kujifua peke yake, na mama amegundua kwamba anaficha maumivu ya mgongo asije akapoteza namba.

"Nimwache ajitume au nimwachishe mchezo?" anauliza.

Mama, usimwachishe. Lakini usikubali pia azidishe mazoezi. Bidii anayo ya kutosha. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha bidii hiyo aitumie wapi, na mwili wake upate muda wa kupumzika.

Tuanze na uwanja. Katika magongo, bao halihesabiwi ikiwa mpira haujaguswa na mshambulizi ndani ya ile nusu duara iliyo mbele ya goli, ambayo wachezaji huiita "D". Ukingo wake uko karibu mita 15 kutoka golini. Anayemaliza pumzi akikimbiza kila mpira katikati ya uwanja huingia D akiwa amechelewa, au anafika akihema na gongo likiwa juu. Na mabao mengi ya vijana si mikwaju ya kushangiliwa. Ni mipira iliyotemwa na kipa, ikamaliziwa na aliyekuwa karibu na mlingoti, ameinama, gongo lipo chini tayari.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kocha ni kumpa ruhusa ya kutokimbia kila mahali. Amweleze jambo moja au mawili tu: mpira ukiwa upande wa kulia, wewe simama hapa; mwenzako akipiga, fuata mkwaju hadi kwa kipa. Mtoto anayejituma hushika maelekezo upesi yakiwa machache. Akipigiwa kelele na kocha, mzazi na mashabiki kwa pamoja, hashiki lolote.

Kazi ya pili ni zoezi fupi linalofanana na mechi. Asimame mita tatu au nne kutoka golini, mtu amsukumie mpira, autulize na kuupiga papo hapo kuelekea pembeni mwa goli. Mipira kumi, apumzike, kisha kumi tena. Dakika 15 mara mbili kwa wiki, ndani ya muda wa mazoezi ya timu, zitamfaa kuliko saa nzima ya kukimbia barabarani alfajiri.

La tatu, badilisheni mnachohesabu. Bao hutegemea kipa, beki, pasi ya mwenzake na hata bahati. Lakini kuingia D mara tano, kupiga mikwaju mitatu na kupokonya mipira minne ni mambo aliyo na uwezo nayo zaidi. Kocha ayaandike baada ya kila mechi na amwonyeshe. Mikwaju ikiongezeka, mnajua anaelekea pazuri hata kabla bao halijaingia.

Huenda pia nafasi yake si ya ushambulizi. Mtoto anayependa kurudi nyuma na kupokonya mipira anaweza kuwa kiungo au beki hodari, na hilo si kushushwa cheo. Avtar Singh Sohal, mmoja wa wachezaji wakubwa zaidi wa magongo nchini Kenya, alishiriki Michezo ya Olimpiki mara nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na akawa nahodha wa taifa. Alikuwa beki. Mzungumzie kocha suala hili faraghani, siku isiyo ya mechi, na binti mwenyewe aulizwe anapendelea nini.

Sasa mgongo, maana hapa sitaki tufanye mzaha. Magongo huchezwa mtu akiwa ameinama na kujipinda. Mwili wa kijana bado unakua, na mazoezi ya kupindukia yanaweza kusababisha ufa katika mfupa wa uti wa mgongo, sehemu ya chini. Maumivu yasiyoisha baada ya siku chache za mapumziko, yanayomwamsha usiku, au yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi, yapelekwe kwa daktari. Usimpe dawa ya kutuliza maumivu ili aweze kucheza. Dawa itaficha maumivu huku jeraha likiongezeka.

Apate angalau siku moja kila wiki bila mazoezi kabisa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ratiba ya alfajiri huzimega saa hizo. Ikiwa analala bwenini, ongea na mwalimu wa michezo ili alfajiri hizo zikome.

Mwambie pia waziwazi kwamba kusema "naumwa" hakutamfanya apoteze namba. Kisha hakikisha kocha anasema hivyohivyo, kwa sababu neno la kocha ndilo atakaloliamini.

Na mechi ikiisha, kabla hujauliza "Umefunga mangapi?", mwache anywe maji, apumue. Halafu muulize: "Leo ni wapi ulipofurahia zaidi?" Jibu lake litakuambia kama bado anaupenda mchezo huu. Akiupenda, ataendelea kujifunza hata bila mabao. Akianza kuuchukia, hata mabao kumi hayatamzuia kuuacha.

Wiki ijayo: mtoto ale nini asubuhi ya mechi?