Bangili ya Sumaku na Saa Iliyokimbia

Mzee mmoja, mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kirumba, alifika kliniki akiwa na shinikizo la damu la 190/110. Baada ya kuamkiana nilimwuliza, "Mzee wangu, dawa unakunywa?" Akanyoosha mkono wenye bangili ya sumaku. "Niliziacha, daktari. Hii inavuta damu na kuisafisha." Kando ya bangili alivaa saa ya kutia ufunguo, aliyorithi kwa baba yake. Alilalamika kwamba tangu mwezi uliopita ilikuwa ikikimbia takriban nusu saa kila siku.

Sumaku ile ilikuwa na nguvu kweli, ila kazi yake ilionekana kwenye saa. Ndani ya saa ya namna hiyo mna kamani nyembamba kama unywele, iliyojizungusha kama konokono, inayoongoza mwendo wa gurudumu dogo. Ikishika usumaku, mizunguko yake huweza kunatana; urefu unaofanya kazi hupungua, na saa huenda mbio.

Damu si kamani. Ina madini ya chuma, lakini chuma hicho kimefungwa ndani ya himoglobini, wala hakina tabia ya msumari. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, bali husukumwa kidogo mno. Kama sumaku ingevuta damu, nani angetoka hai katika mashine ya MRI, ambayo nguvu yake huipita bangili mara nyingi? Hata kwa maumivu ya viungo, jaribio la Chuo Kikuu cha York, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha wagonjwa 70 wa baridi yabisi, halikuona faida ya maana ya mikanda ya sumaku ikilinganishwa na ile ya bandia.

Hata hivyo, simlaumu mzee. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi, na anayemeza vidonge huwa hahisi tofauti. Muuzaji wa bangili alikaa naye, akamsikiliza na kumweleza. Sisi wahudumu tulimwandikia cheti, tukamwita mwingine. Pengo hilo ni letu kuliziba. Katika kila hudhurio tuulize, bila kejeli, mgonjwa anatumia nini kingine. Kisha tumweleze kwa nini dawa ni ya kila siku.

Nawe mgonjwa, usiache dawa kabla ya kuonana na mtaalamu. Ukiwa na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, weka sumaku mbali na kifua. Na kabla ya kuingia chumba cha MRI, vua saa, bangili na kila chuma.

Mzee alirudia vidonge vyake. Saa aliipeleka kwa fundi, ambaye aliiondolea usumaku kwa dakika chache. Mshipa wa ubongo ukishapasuka, hatuna ufundi mwepesi kama huo.