Land Rover Kuukuu Haitaki Mapambo

Nianze kwa kusema wazi niko upande gani, asije mtu akaniuliza baadaye. Naamini kwamba Land Rover ya zamani inafaa kufufuliwa, tena ifufuliwe ipande milima na kuvuka matope, isiwekwe uani kama sanamu. Lakini napinga vikali mtindo wa siku hizi wa kuivika gari kama hiyo magurudumu makubwa, springi ndefu, taa sita juu ya paa na injini ya gari jingine, halafu mwenyewe anajigamba ati ameitengeneza. Huko ni kumvisha mgonjwa suti.

Najua wako watakaosema, "Wewe mwanafunzi, Land Rover na wewe ni wapi na wapi?" Basi iko moja kwetu Uthiru. Ni Series III ya mwaka 1974, ile ndefu ya inchi 109, ambayo babu mzaa mama aliinunua katika mnada wa magari ya serikali. Tangu babu atuache, imekaa chini ya mparachichi na kuku hutaga kwenye viti vya nyuma. Mjomba sasa ametenga pesa za kuifufua. Mama mdogo anasema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pesa zilipe karo, na siwezi kumlaumu kwa kuwa karo yenyewe ni pamoja na yangu. Mjomba naye amekwisha kuonyeshwa picha na rafiki zake wa Karen, na anataka iinuliwe, itiwe injini ya dizeli ya Kijapani na matairi ya kutisha watu. Katika vikao vya wakubwa mimi ni wa kuleta chai tu. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Hebu kwanza tuifahamu gari yenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, kwa hiyo mwili wa gari ukaundwa kwa alumini, mabati bapa yasiyo na madoido, yaliyofungwa kwa bolti na ribiti. Huku kwetu ikawa gari ya D.O., ya polisi, ya daktari wa mifugo na ya mishonari. Hata zilikuja kuunganishwa papa hapa nchini, Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Gari hii iliundwa ili mtu aliye mbali na mji aweze kuifungua kwa spana chache akaifunga tena. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vilivyoundwa namna hiyo vyaweza kuundwa upya.

Sasa hapo ndipo macho hudanganywa. Alumini haili kutu kama chuma, kwa hiyo Land Rover ya miaka 50 yaweza kuonekana nzima kabisa ukiipangusa vumbi. Lakini chini yake mna chesi, yaani uti wa mgongo wa gari, nayo ni ya chuma. Ukuta unaotenga injini na dereva nao ni wa chuma. Hivi ndivyo vinavyooza, tena kwa ndani, matope yakijikusanya na kukaa na unyevu. Isitoshe, mahali alumini inapogusana na chuma palipo na maji, alumini ndiyo huliwa (wanaosoma Kemia watatueleza kwa nini). Fundi mmoja wa Dagoretti Corner aliyeitwa na mjomba kuikagua yetu hakutazama injini kwanza. Alilala chali chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga chesi kutoka mbele hadi nyuma akisikiliza. Penye chuma kizima palilia. Nyuma, karibu na tangi, nyundo ilitoa sauti ya debe. Alichora alama kwa chaki, alama saba. Injini tutaiona baadaye, akasema, hii mifupa ndiyo habari.

Haya basi, tuseme umeziacha hizo alama saba na kwenda kununua matairi makubwa. Itakuwaje? Tairi la kawaida la Land Rover ndefu ni 7.50 kwa 16, lenye kipenyo cha kama inchi 32. Ukiweka la inchi 35, unene wa ardhi mpaka kwenye ekseli unaongezeka kwa inchi moja na nusu tu, siyo tatu kama wengi wanavyodhani. Kwa upande mwingine, nguvu inayofika ardhini inapungua kwa karibu asilimia 9 kwa sababu gurudumu limekuwa kubwa na gia ni zile zile. Unakanyaga mafuta zaidi. Ukikanyaga zaidi gurudumu likiwa limekwama kati ya mawe, shafti ya nyuma inakatika, na shafti za nyuma za Series zinajulikana kwa kukatika hata bila kuchokozwa. Usukani unakuwa mzito mpaka mabega yaume. Breki za dramu, ambazo hata zikiwa mpya si za kujivunia, sasa zina mzigo zaidi wa kusimamisha. Halafu matairi yanagusa mabati, kwa hiyo unainua gari kwa springi ndefu. Ukishaiinua, viungo vya propela vinafanya kazi vikiwa vimepinda na kuchakaa upesi, na kitovu cha uzito kinapanda juu. Mwalimu wa Fizikia ametuchorea mara ngapi lile sanduku juu ya mteremko? Ndilo hilo hilo, ila ndani yake mna watu.

Kila kitu unachokibadilisha kinadai kingine kibadilishwe. Huo ndio msingi wa hoja yangu, na mjomba nimemwambia hivyo hivyo, kwa heshima lakini.

Kuhusu injini nakiri kwamba wapinzani wangu wana neno. Injini ya petroli ya lita 2.25 inakunywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani, na dizeli ya Kijapani inapatikana kirahisi, spea zake tele. Kama gari ingekuwa ya kubeba maziwa kila siku kutoka Kikuyu hadi Kawangware, ningesema badilisha, bwana, usipoteze wakati. Lakini hii itatoka Jumamosi mbili kwa mwezi. Ili injini ngeni iingie, lazima ukate viegemeo vya injini kwenye chesi, utengeneze bamba la kuiunganisha na giaboksi, pengine uhamishe rejeta, kisha uende NTSA kubadilisha namba ya injini kwenye rekodi. Nguvu ya dizeli ikizidi ile ambayo giaboksi ya zamani iliundiwa, umejinunulia ugonjwa mwingine. Na ukishakata, hakuna kurudi. Mimi nasema: fungua injini ya babu, ipimwe silinda, itiwe ringi na gasketi mpya, rejeta isafishwe, kabureta irekebishwe. Haitakimbia. Kwani tunamkimbiza nani?

Kinachonipa imani zaidi ni Kirinyaga Road, ambayo mafundi wangali wakiiita Grogan, kwa jina la yule Mwingereza Ewart Grogan. Shuka kutoka katikati ya mji kuelekea mto Nairobi uone. Mtu anaitazama bushi iliyochakaa mkononi mwako, haulizi namba, anaingia ndani ya kibanda na kutoka na nyingine. Isipopatikana, jirani yake ataichonga kwa mashine ya leithi ukingoja. Tusisahau pia kwamba sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo hakuna meli itakayotuletea Land Rover nyingine ya 1974. Zilizopo ndizo hizo, na wanaozijua wanazeeka nazo. Kati ya 2019 na 2020 mafundi waliokuwa wamejaa katika bustani ya Michuki, kando ya mto huo huo, waliondolewa ili bustani irudishwe. Mto ulihitaji kupumua, sibishi, oili ilikuwa inamwagikia humo. Lakini fundi akishaondolewa, ujuzi wake huenda wapi? Haujaandikwa popote. Hata maneno yake, kama difu, bushi, taimingi na "kula stadi", nani kati yetu wa Chama cha Kiswahili amewahi kuyakusanya? Tunakariri istilahi ambazo hatujawahi kumsikia mtu akizitumia, ilhali Grogan ni nauli ya matatu tu.

Wako watakaonitajia Rhino Charge, ambako magari yameinuliwa na kukatwakatwa hata hujui yalikuwa nini. Sawa. Mashindano hayo yalianza 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, ua wa kilomita 400 hivi uliokamilika 2009. Mshiriki hutakiwa kufika vituo 13 kwa muda wa saa 10, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi kuliko wote, kwa hiyo watu hupita kwenye makorongo ambayo mbuzi angekataa. Kule kila pauni ya chuma iliyoongezwa ina kazi. Sisi tunataka kwenda nyuma ya vilima vya Ngong, tuteremke Kona Baridi, na siku moja tufike Suswa. Kwa safari hizo, tairi jembamba lililopunguzwa upepo kidogo linapita katika ule udongo mweusi na kushika chini. Ukivuta ile liva nyekundu, magurudumu yote manne yanavuta kwa gia ya chini, na gari inapanda polepole kama mzee anayejua njia. Aidha gari nyepesi isiyoparua haichimbi mitaro katika malisho ya watu. Njia hizo si zetu, ni za wafugaji.

Ninachomwomba mjomba ni hiki. Pesa za matairi na za injini ziende kwanza kwenye zile alama saba: mahali palipooza pakatwe, pachomelewe chuma kipya, chesi yote ipakwe rangi ndani na nje. Halafu breki, usukani, springi zifunguliwe na kupakwa grisi. Halafu injini. Nyongeza ziwe tatu tu, yaani winchi, bamba la kukinga tangi, na ndoano imara mbele na nyuma, na zote zifungwe kwa bolti, zisichomelewe, ili atakayekuja baada yetu aweze kuzitoa. Kitakachobaki, kama kitabaki, mama mdogo apewe cha karo.

Mjomba ameyasoma haya kabla ya kuchapishwa. Amesema ya chesi na breki anayakubali, ya injini bado anafikiri, na kuku watafutiwe pa kutagia kabla ya Agosti.